Kuadhimisha Miaka 125 ya Kisumu: Mwongozo Kamili kwa Kamati za Mitaa

Kwa hesabu ya reli, Kisumu inatimiza miaka 125 mnamo Desemba 2026. Ilikuwa Desemba 1901 ambapo reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika ukingoni mwa Ziwa Victoria, na Florence Preston, mke wa mhandisi Ronald Preston, akapigilia msumari wa mwisho mahali palipokuja kuitwa Port Florence. Sherehe ya jukwaa kuu na wageni waheshimiwa ni kazi ya serikali ya kaunti. Mwongozo huu umeandikiwa watu wengine: kamati ya mtaa wa Kaloleni au Manyatta, walimu wa historia wa shule za Nyalenda, chama cha akina mama cha Obunga, vijana wa Dunga, na yeyote anayetaka mtaa wake uwe na sauti katika maadhimisho hayo.

Msimamo wangu nautaja mapema, kwa sababu mpangilio wa hatua zote umejengwa juu yake. Historia itangulie, mahema yafuate. Sherehe isiyotanguliwa na kazi ya kukusanya historia huwa mkutano wa hotuba ambazo zingeweza kutolewa siku nyingine yoyote. Kamati iliyowasikiliza wazee wake kwa miezi kadhaa, ikakusanya picha na kuzitafutia majina, itakuwa na sherehe hata kama mvua itanyesha na mgeni rasmi akose kufika.

Hatua ya kwanza: amueni mnaadhimisha nini

Swali hili huonekana jepesi, lakini ndilo linalozua mabishano mengi baadaye, kwa hiyo litatuliwe katika mkutano wa kwanza na jibu liandikwe. Tarehe inayotajwa zaidi ya kufika kwa reli ni 20 Desemba 1901, ingawa maandishi mengine hutaja siku moja kabla yake. Kuna tarehe nyingine zenye uzito pia. Meli ya SS William Mackinnon, ambayo vipande vyake vilibebwa na wapagazi kutoka pwani, iliungwa hapa na kushushwa majini mwaka 1900, yaani bandari ilianza kazi kabla ya reli. Mwaka 1902 mpaka wa makoloni ulisogezwa, na Kisumu, ambayo hadi wakati huo ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda, ikaingia katika himaya iliyokuja kuwa Kenya. Na mwaka 2001, mji ulipotimiza miaka 100, ulipandishwa hadhi ukawa jiji.

Zaidi ya hayo yote, reli haikukuta nyika tupu. Koo za Wajaluo za Jo-Kisumo, Jo-Kajulu na Jo-Kano, pamoja na majirani zao, walikuwa wakiishi na kufanya biashara katika eneo hili, wakibadilishana nafaka, samaki, vyungu na mifugo, muda mrefu kabla ya mpimaji yeyote kushuka na darubini yake. Ndiyo maana napendekeza kichwa cha sherehe kiseme wazi kwamba ni miaka 125 tangu reli kufika Kisumu, na kwamba sehemu ya kwanza ya maonyesho yenu ihusu maisha ya kabla ya 1901. Mzee wa Kajulu akisoma bango linalodai kwamba Kisumu ilizaliwa siku ambayo mzungu aligonga msumari, ana haki ya kukataa kuhudhuria.

Reli yenyewe ina pande mbili, na zote mbili zisemwe. Wafanyakazi wapatao 32,000 waliletwa kutoka India kuijenga, na karibu 2,500 kati yao walifariki kazini. Wanandi waliipinga kwa miaka mingi, hadi kiongozi wao Koitalel arap Samoei alipouawa Oktoba 1905. Wajukuu wa wajenzi hao na wa wapinzani hao wanaishi ndani ya jiji na kandokando yake hata leo. Waalikeni, na muwape nafasi ya kusimulia upande wao wenyewe.

Wasomaji walio katika miji mingine watumie utaratibu uohuo kwa tarehe zao. Nakuru, kwa mfano, inaweza kuchagua kufika kwa reli mwaka 1900, kutangazwa kuwa mji mdogo mwaka 1904, au kukabidhiwa hati ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, na ina utajiri wa kale zaidi katika kilima cha Hyrax Hill, ambako Mary Leakey alichimbua mabaki ya makazi ya kale katika miaka ya 1930. Mumias haihitaji reli hata kidogo, kwa kuwa ina ufalme wa Wanga na mfalme wake, Nabongo Mumia.

Hatua ya pili: undeni kamati ndogo yenye sura ya mtaa

Watu saba hadi tisa wanatosha. Awepo mzee anayeaminiwa, mwalimu mmoja, vijana wawili wenye ujuzi wa simu na kompyuta, mwakilishi wa wafanyabiashara, na wawakilishi wa dini zilizopo mtaani. Kaloleni isisahau familia za Wanubi. Katikati ya mji pasisahauliwe Wahindi, Wagoa na Masingasinga, ambao maduka, shule na hekalu zao zimekuwepo vizazi kadhaa. Mweka hazina awe mtu ambaye hata wapinzani wake wanamwamini, na kila shilingi inayoingia kwa M-Pesa au kwa mkono iandikwe katika daftari linalosomwa kwenye kila mkutano.

Hatua ya tatu: kusanyeni historia

Hii ndiyo hatua ndefu, na ningependa ipewe angalau miezi sita.

Anzeni kwa kutengeneza kalenda ya matukio. Wazee wengi hawakumbuki miaka kwa tarakimu, bali kwa yale yaliyotokea. Chukueni karatasi kubwa, mchore mstari, kisha muweke matukio ambayo kila mtu anayajua: mvua kubwa za Uhuru za mwaka 1961 na 1962, ziwa lilipopanda na kufunika mashamba, Uhuru wenyewe mwaka 1963, kifo cha Tom Mboya Julai 1969, kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, wafanyakazi wengi wa reli na wa meli walipojikuta wamegawanywa kati ya nchi tatu, na kupanda tena kwa ziwa mwaka 2020. Mama akisema kwamba alihamia Shauri Moyo "maji yalipokuwa yamejaa Dunga, nikiwa na mtoto wa kwanza mgongoni", kalenda hiyo itawasaidia kujua ni maji yapi, kwa kuangalia umri wa mtoto huyo leo.

Baadaye nendeni kuwahoji. Msiende wengi; wawili wanatosha, mmoja akiuliza na mwingine akishika simu ya kurekodi na kuandika majina. Fikeni kwanza siku ya kujitambulisha bila kurekodi chochote, mkiongozana na mtu ambaye familia inamfahamu, kwa sababu mzee aliyevamiwa na simu usoni hutoa majibu ya heshima tu, yale anayodhani mnataka kuyasikia. Zungumzeni kwa lugha aliyoizoea, iwe Kijaluo, Kinubi, Kigujarati au Kiswahili, na tafsiri ifanywe baadaye mkiwa mmetulia. Zimeni redio, funga dirisha linaloelekea barabara ya bodaboda, na mweke simu juu ya kitambaa kilichokunjwa ili isinase mtetemo wa meza.

Maswali yawe ya vitu vinavyoshikika. Ukiuliza, "Mzee, Kisumu ilikuwaje zamani?" utajibiwa kwamba ilikuwa nzuri. Uliza hivi: "Dani (yaani bibi, kwa Kijaluo), ulipofika hapa mara ya kwanza ulilala kwa nani? Maji mlichota wapi? Kodi ya chumba ilikuwa shilingi ngapi, na nani alikuja kuidai? Sokoni Kibuye uliuza nini, na ulibebaje mzigo kutoka nyumbani? Meli ikifika bandarini mlijuaje?" Majibu ya maswali hayo ndiyo yatakayojaza mabango yenu. Baada ya kuuliza, nyamazeni. Mara nyingi jambo la maana husemwa baada ya kimya, pale mzee anapomaliza jibu la kwanza na kukumbuka la pili.

Kabla ya kuondoka, mwombeni ruhusa kwa maandishi au kwa sauti iliyorekodiwa, mkieleza mtayatumia wapi maneno yake na picha yake. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka ridhaa hiyo, lakini hata bila sheria, adabu inaitaka. Akikataa sehemu fulani isitumike, isitumike.

Picha za zamani zihifadhiwe kwa uangalifu kuliko kitu kingine chochote. Msizichukue kwenda nazo. Zipigeni picha palepale nyumbani: ziweke juu ya kitambaa kisichong'aa karibu na dirisha, mbali na jua la moja kwa moja, zima mwanga wa simu, na usimame juu yake ili pembe nne zionekane sawa. Pigeni na upande wa nyuma pia, kwa sababu huko ndiko kulikoandikwa mwaka, jina la studio au salamu za aliyeituma. Kisha, mwenyewe akiwa bado ameketi nanyi, muulizeni kila sura ni ya nani kuanzia kushoto kwenda kulia, na mwandike. Picha ya vijana wanne mbele ya lori ni pambo. Picha hiyohiyo ikiwa na majina, mtaa na kazi ya kila mmoja ni historia.

Kwa upande wa maandishi, mlango wa kwanza ni Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka 1980, ambayo pia yana boma la Kijaluo lililojengwa kwa ukubwa wake halisi. Kwa wanafunzi, saa moja ndani ya boma hilo hufundisha mambo mengi kuhusu maisha ya kabla ya reli. Mlango wa pili ni Hifadhi ya Nyaraka za Taifa iliyoko Moi Avenue, Nairobi, yenye ripoti za kila mwaka za wakuu wa wilaya na majimbo wa enzi ya ukoloni. Ukienda huko, usitafute "Kisumu" peke yake. Faili nyingi zimewekwa chini ya Nyanza na Central Kavirondo, kwa kuwa ndivyo wakoloni walivyoliita eneo hili, na mtu asiyejua hilo anaweza kurudi nyumbani akidhani hakuna kitu. Kumbukumbu za kabla ya 1902 huenda zikawa upande wa Uganda. Msiyapuuze madaftari ya makanisa, misikiti, shule na vyama vya ushirika vya hapahapa mtaani. Daftari la ubatizo au orodha ya wanafunzi huweza kumaliza mabishano ya miaka kwa ukurasa mmoja.

Mwisho wa hatua hii ni kulinganisha. Jambo lililosemwa na mtu mmoja liandikwe kuwa ni kauli yake. Jambo lililosemwa na watu watatu wasio wa nyumba moja, au lililothibitishwa na karatasi, liandikwe kuwa ni habari ya mtaa. Wakitofautiana, wekeni kauli zote mbili kwenye bango na msomaji aone. Ripoti za wakoloni nazo zipimwe vivyo hivyo, kwani ziliandikwa na watu waliokuwa na sababu zao za kujisifu.

Hatua ya nne: kubalini kuzungumza juu ya machungu

Hakuna historia ya Kisumu inayoweza kuiruka tarehe 25 Oktoba 1969, siku Rais Jomo Kenyatta alipokuja kufungua hospitali kuu ambayo wengi bado huiita Russia, ghasia zikazuka, na walinzi wakafyatulia umati risasi. Idadi ya waliouawa inabishaniwa hadi leo. Familia zilizopoteza wapendwa wao bado zipo, na vilevile familia zilizoumizwa katika machafuko ya baada ya uchaguzi wa 2007, wakiwemo majirani waliolazimika kuuhama mji.

Ushauri wangu ni kwamba mambo haya yawe na mahali pake katika maonyesho, pakiwa pametulia, mbali na vipaza sauti na vibanda vya vyakula. Familia zenyewe zishauriwe mapema kuhusu maneno na picha za kutumia. Picha za miili zisitumike. Jina la aliyefariki, umri wake na kazi aliyokuwa akiifanya vinatosha, iwapo familia inaridhia. Msimpe mwanasiasa yeyote nafasi ya kuzungumza katika sehemu hiyo.

Hatua ya tano: fedha na ofisi za serikali

Kamati nyingi huenda kwa kaunti mwezi wa Oktoba kuomba fedha za Desemba, na hujibiwa kwamba bajeti imeshafungwa. Jibu hilo ni la kweli. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Makadirio hupelekwa katika bunge la kaunti kufikia 30 Aprili. Na mpango wa maendeleo wa mwaka huo huwa umewasilishwa kufikia 1 Septemba ya mwaka uliotangulia. Kwa hiyo ombi la sherehe ya Desemba huhitaji kupita katika vikao vya kushirikisha umma mwaka mmoja au zaidi kabla, likiungwa mkono na mwakilishi wadi. Mkiwa mmechelewa, ombeni vitu badala ya pesa: uwanja, mahema, gari la maji, wafanyakazi wa usafi, gari la wagonjwa. Vitu hivyo kaunti inavyo tayari, na mara nyingi barua moja iliyoandikwa vizuri hutosha.

Kwa maandamano na mikutano ya hadhara, Sheria ya Utulivu wa Umma inataka mkuu wa kituo cha polisi aarifiwe si chini ya siku tatu na si zaidi ya siku 14 kabla, na shughuli iwe kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Pelekeni nakala mbili za barua, na ile mnayobaki nayo ipigwe muhuri. Idhini ya kutumia vipaza sauti huombwa kwa kaunti, na muziki uliorekodiwa huhitaji leseni. Bendi ya ohangla, muziki wa ngoma wa Kijaluo, au mpiga nyatiti, zeze la Kijaluo, anayetumbuiza nyimbo zake mwenyewe atawapunguzia shughuli hiyo na kuwapa kitu bora zaidi.

Fedha za mtaa zichangwe kidogo kidogo. Gharama isiyokwepeka ni uchapishaji wa mabango na chakula cha wazee. Mengine yote yanaweza kupungua.

Hatua ya sita: siku yenyewe

Tarehe 20 Desemba 2026 itakuwa Jumapili. Asubuhi watu wako kanisani, na siku iliyotangulia ni Sabato ya Waadventista, ambao ni wengi katika eneo hili. Panga basi matembezi ya historia na maonyesho yaanze saa nane mchana Jumapili, na shughuli za shule zifanyike mapema Oktoba kabla ya kufunga, kwa maana Desemba wanafunzi hutawanyika na familia nyingi huelekea mashambani.

Matembezi yawe mafupi, yasizidi vituo sita, na kila kituo kiwe na msimulizi mmoja anayezungumza kwa dakika kumi. Njia moja ya katikati ya mji inaweza kuanzia kwenye stesheni ya zamani na bandari, ipande Barabara ya Oginga Odinga hadi mnara wa saa uliojengwa kumkumbuka mfanyabiashara Kassim Lakha, ifike Ramogi House, jengo la kampuni ya Luo Thrift and Trading ambayo Jaramogi Oginga Odinga aliianzisha na wenzake katika miaka ya 1940, iendelee hadi Msikiti wa Jamia uliojengwa mwaka 1919, na kuishia mtaani kwenu. Muwe na tuktuk mbili za kuwabeba wazee kati ya vituo, kwani wao ndio wasimulizi na jua la saa nane la Kisumu linajulikana.

Maonyesho yawekwe mahali penye kivuli, kama ukumbi wa shule au wa kanisa. Picha zichapishwe kubwa, maandishi yasizidi sentensi nne chini ya kila picha, na yawe kwa Kiswahili na kwa Kijaluo. Wekeni meza moja yenye picha ambazo hamkupata majina yake, pamoja na kalamu na vikaratasi. Meza hiyo mara nyingi huvuta watu kuliko zote, na huwapa majina ambayo miezi sita ya kuzunguka haikuyaleta.

Chakula kisimulie pia: nyoyo (mahindi na maharagwe ya kuchemsha), omena (dagaa), ngege (samaki aina ya tilapia) wa kukaanga, mahamri ya Kaloleni, sambusa na bajia za katikati ya mji, kila sahani ikiwa na kikaratasi kinachoeleza ni chakula cha kina nani na kilifikaje Kisumu.

Wakazi wa Dunga na Usoma wakitaka mashindano ya makasia, yafanyike asubuhi, siku nyingine kama Jumamosi iliyotangulia haiwafai, kwa sababu upepo wa ziwa huongezeka mchana na mawimbi nayo huinuka. Kila mpiga kasia avae jaketi la kujiokoa, mtumbwi wenye injini ufuate nyuma, na kamati ya usimamizi wa ufuo ikague njia alfajiri hiyohiyo, maana gugumaji linaweza kuziba ghuba usiku mmoja.

Hatua ya saba: baada ya sherehe

Ndani ya wiki mbili, hesabu za fedha zisomwe mbele ya mtaa na kubandikwa ukutani. Ndani ya mwezi mmoja, rekodi zote na picha zote zipangwe katika mafaili yenye jina la msimulizi, mtaa na tarehe, kisha nakala ziwekwe mahali pasipopungua patatu: katika diski ya kamati, katika shule ya mtaa, na katika Makumbusho ya Kisumu au maktaba ya umma. Simu ya kijana mmoja si hifadhi. Kila mzee aliyehojiwa apelekewe nyumbani picha yake iliyochapishwa na nakala ya maneno yake, na wakati wa kumkabidhi aulizwe kama kuna kitu kilichoandikwa vibaya. Masahihisho hayo yaandikwe kwa tarehe na kuunganishwa na faili lake kabla kamati haijavunjwa.